Kinga ya Vidole Huanzia Kifuani

Kijana wa visiwani aendaye masomoni Norway au Finland huenda akaalikwa kuteleza thelujini kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni. Mchezo ni mzuri, lakini baridi yake si ya mzaha: kwa kanuni za kimataifa, mbio za masafa za mchezo huo huahirishwa au kufutwa baridi ipitapo nyuzi 20 chini ya sifuri.

Wengi hudhani kinga ya vidole ni glavu tu. Sivyo. Mwili ukipatwa na baridi hubana mishipa ya mikono, ili damu yenye joto ibaki kuulinda moyo. Hapana budi, basi, kukivika kwanza kifua na kichwa. Kisha zivaliwe glavu kavu za mfuko mmoja, kwani vidole vinne vikikaa pamoja hupashana joto. Vikitengana, kila kimoja hupoa peke yake.

Kidole kikifa ganzi na kupauka, mtu aingie ndani upesi, wala asikisugue. Wahusika wanaowaaga vijana wetu wawaeleze hayo kabla ya safari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kidole kilichokatwa hakijengwi tena.