Uvimbe wa taya kwa mtoto: jeni isipozimika

Mama, kila seli ya mwili wa mtoto wako hubeba maagizo yanayoitwa jeni. Seli haitumii maagizo yote kwa pamoja. Seli za ubongo, kwa mfano, hutengeneza kwa wingi vimeng'enya ambavyo seli za ngozi karibu hazivitengenezi, ingawa jeni zake zipo kote. Ni kama mbegu ghalani: zipo nyingi, ila unapanda zile za msimu.

Kwenye saratani, mpangilio huo huvurugika. Mfano unaotuhusu sisi wa Bujonde ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto.

Kwa nini huku kwetu?

Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Aliikuta zaidi kwenye maeneo ya chini yenye joto na mvua, ambako malaria ni nyingi. Ndivyo ulivyo ukanda wetu wa ziwa.

Nini hutokea mwilini?

Jeni ya MYC huiamuru seli igawanyike. Katika seli nzima huwashwa kwa kazi, kisha huzimwa. Katika ugonjwa huu, jeni hiyo huhamia pasipo pake na kubaki imewaka. Ndiyo maana uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Malaria ya mara kwa mara na kirusi cha Epstein-Barr huchangia. Watoto wengi hupata kirusi hicho bila kuugua saratani. Si kosa lako, si kurogwa, na saratani hii haiambukizi.

Dalili

- Taya au shavu kuvimba
- Meno kulegea bila sababu
- Jicho kutokeza nje
- Tumbo kuvimba haraka
- Miguu kukosa nguvu

Ufanye nini?

Usikubali mtoto ang'olewe jino au achanjwe uvimbe kabla hajapimwa. Mpeleke zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, uombe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo iliyo karibu kwa huduma kubwa. Huko huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe. Tiba yake ni dawa za saratani, na watoto wengi wanaowahi hupona. Ukianza dozi, usikatishe hata uvimbe ukitoweka.

Na kila usiku, mlaze mtoto ndani ya chandarua chenye dawa.