Mlango wa Dawa Chini ya Ngozi: Jinsi Saratani ya Ovari Inavyotibiwa

Ovari ni viungo viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 3 hivi, vilivyomo ndani ya nyonga ya mwanamke. Kazi yake ni kukomaza mayai ya uzazi na kutoa homoni. Kwa kuwa viungo hivi vimejificha, saratani, au kansa kama wengi waiitavyo, ikianza humo hupata nafasi ya kukua kwa muda mrefu bila kumsumbua mwenyewe. Dalili zake za kwanza ni za kawaida mno: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya kiuno na haja ndogo ya mara kwa mara. Mama wa Machame apatwaye na dalili hizo huweza kudhani kwamba ana vidonda vya tumbo, au minyoo, au kwamba ni uzee tu.

Mpaka sasa hakuna kipimo cha kuaminika cha kuutafuta ugonjwa huu kwa mwanamke asiye na dalili. Uchunguzi wa mlango wa kizazi, ambao wanawake wengi wamekwisha kuufahamu, hauonyeshi saratani ya ovari. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hugunduliwa wakati ugonjwa umekwisha kutapakaa juu ya utando wa tumbo. Daktari mpasuaji hujitahidi kuuondoa uvimbe wote anaouona, lakini kisu hakifiki kwenye seli zisizoonekana kwa macho. Hizo hufuatwa na dawa ziendazo na damu. Pengine dawa hutangulia ili kuupunguza uvimbe, kisha upasuaji hufuata.

Dawa zitumiwazo zaidi ni mbili. Ya kwanza, kaboplatini, ni ya ukoo wa madini ya platini. Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Barnett Rosenberg, alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye bakteria kwa vipande vya platini, akaona bakteria wameacha kugawanyika. Kilichowazuia hakikuwa umeme bali chumvi za platini. Hapo ndipo ilipotokea dawa ya sisplatini, na baadaye kaboplatini, ambayo haiumizi figo sana kama ile ya kwanza. Dawa ya pili, paklitakseli, ilipatikana katika magamba ya mti wa Marekani uitwao Taxus brevifolia. Muundo wake ulitangazwa mwaka 1971. Kaboplatini huharibu DNA ya seli, na paklitakseli hukaza nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa. Kwa kawaida dawa hizi hutolewa pamoja kila baada ya wiki 3, mara 6.

Je, dawa zipitie wapi? Wagonjwa wengi huzipokea kwa sindano ya dripu mkononi. Lakini mishipa ya mkono ni myembamba, na damu yake huenda polepole. Dawa kali huichoma mishipa hiyo mpaka ikawa migumu, na ikivuja huweza kuunguza nyama iliyo kando. Mkulima wa Machame anajua kwamba samadi ikimwagwa katika mfereji mdogo hukaa hapo hapo, bali ikimwagwa katika mto Weruweru wakati wa masika huchukuliwa na kuchanganyika mara moja. Katika mwili, mto huo ni mshipa mkubwa uingiao moyoni kutoka juu, ambamo hupita lita 2 hivi za damu kila dakika.

Mwaka 1982 daktari John Niederhuber na wenzake huko Marekani walieleza njia ya kuufikia mshipa huo kwa chombo kinachokaa chote chini ya ngozi. Chombo hicho huitwa poti. Ni kisanduku kidogo cha titani au plastiki, chenye kifuniko cha silikoni, kilichounganishwa na mrija laini. Mgonjwa hutiwa ganzi. Daktari hupasua kidogo chini ya mtulinga, hukiweka kisanduku, kisha huupitisha mrija katika mshipa hadi karibu na moyo. Picha ya eksirei huthibitisha kwamba mrija umefika mahali pake na kwamba pafu halikutobolewa. Siku ya dawa muuguzi husafisha ngozi na kuchoma kifuniko kwa sindano maalumu isiyokimega, nacho hujifunga sindano itolewapo. Poti ina hatari zake pia: huweza kuingiwa na vijidudu au kuziba kwa damu iliyoganda. Kwa hiyo huoshwa kwa maji ya chumvi kila itumiwapo, na mara kwa mara hata isipotumiwa.

Kabla ya kila duru, damu hupimwa. Kipimo cha kaboplatini hukadiriwa kwa uwezo wa figo za mgonjwa, na kabla ya paklitakseli hutolewa dawa za kuzuia mzio. Kichefuchefu siku hizi kinazuilika vizuri. Nywele hunyonyoka baada ya wiki 2 au 3, na huota tena matibabu yakiisha. Vidole huweza kufa ganzi. Daktari aambiwe mapema.

Jambo la kuogopwa kuliko yote ni homa. Dawa hizi hupunguza chembe nyeupe za damu, hasa kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Wakati huo joto la mwili likifika nyuzi 38, vijidudu huweza kuua kwa muda wa saa chache. Katika nchi yenye malaria ni rahisi kumeza vidonge na kungojea kesho. Mgonjwa wa saratani asifanye hivyo. Familia iliyoko juu mlimani yapasa iwe na kipimajoto, na ipange mapema gari la kushukia hospitali usiku, hata mvua ikinyesha. Vilevile mgonjwa asinywe dawa za mitishamba bila kumwambia daktari, kwani baadhi yake hudhuru ini na figo.

Zamani wagonjwa wengi wa Kilimanjaro walilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tangu Desemba 2016 Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina kituo chake cha saratani. Poti ni ghali na haipatikani kila mahali. Asiyeipata asikate tamaa, kwani dawa zile zile hutolewa mkononi kwa uangalifu. Lililo muhimu ni kuwahi. Mwanamke ambaye tumbo lake limejaa kwa wiki kadhaa bila sababu, hasa aliyekoma hedhi, aombe apimwe nyonga na kupigwa picha ya altrasaundi.