Daftari la Joto la Mji wa Paris

Kaa na wazee jioni moja, uwaulize: "Ni mwaka gani joto lilikuwa kali kuliko miaka yote?" Mmoja atakutajia mwaka aliooa. Mwingine atakutajia mwaka kisima kilipokauka. Wa tatu atawakatalia wote wawili. Hakuna anayesema uongo. Kila mtu anakumbuka lile lililompata yeye. Lakini ubishi wao hautakwisha, maana hakuna aliyepima wala kuandika.

Leo tutasoma habari za mji mkubwa ambako ubishi wa namna hii humalizwa kwa daftari. Mji huo ni Paris, mji mkuu wa Ufaransa, huko Ulaya. Tutaona jinsi joto linavyopimwa na kuandikwa. Pia tutaona jinsi namba hizo zilivyoanza kutumika kuokoa watu, baada ya msiba mkubwa.

Joto hupimwaje?

Joto hupimwa kwa chombo kiitwacho kipimajoto. Huenda umekiona zahanati, kikiwekwa kwapani mwa mgonjwa. Joto huhesabiwa kwa nyuzi. Maji huganda kuwa barafu kwenye nyuzi 0, na huchemka kwenye nyuzi 100. Mwili wa mtu mwenye afya una nyuzi 37 hivi.

Kupima joto la hewa kuna masharti yake. Ukiweka kipimajoto juani, jua litakiunguza chenyewe, nacho hakitakuambia joto la hewa. Ukikitundika ukutani, kitapata joto la ukuta. Kwa hiyo wapimaji walitengeneza sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe. Pande zake zina nafasi za kupitisha hewa. Sanduku husimama juu ya miguu, mahali pa wazi penye majani mafupi. Kipimajoto hukaa ndani, kivulini. Hata kwetu masanduku hayo yapo kwenye vituo vya hali ya hewa. Siku hizi vituo vingi hutumia vyombo vya umeme, lakini masharti ni yale yale: kivuli, hewa inayopita, na kupima mahali pale pale kila siku.

Paris ina kituo cha namna hii katika bustani iitwayo Montsouris. (Jina hili husomwa karibu na "Mosuri".) Joto la hapo limeandikwa kila siku tangu miaka ya 1870. Kila siku huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni joto la juu kabisa, ambalo kwa kawaida huja alasiri. Ya pili ni joto la chini kabisa, ambalo huja karibu na alfajiri.

Rekodi ni nini?

Rekodi ni namba inayopita zote zilizoandikwa kabla yake. Kuna rekodi za baridi na rekodi za joto.

Paris ina majira ya baridi na majira ya joto. Tarehe 10 Desemba 1879, katika majira ya baridi, hewa ilikuwa nyuzi 23.9 chini ya sifuri. Baridi hiyo huua mtu asiye na moto wala nguo nzito.

Majira ya joto huko ni miezi ya Juni, Julai na Agosti. Tarehe 28 Julai 1947, joto lilifika nyuzi 40.4. Rekodi hiyo ilikaa miaka 72. Tarehe 25 Julai 2019 ilivunjwa: kituo cha Montsouris kilipima nyuzi 42.6. Toa 40.4 katika 42.6. Tofauti ni nyuzi 2.2.

Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1947 angeweza kusema, "Joto la zamani lilikuwa kali zaidi." Daftari linamjibu bila kumgombeza.

Mwaka wa msiba

Sasa fikiri kidogo. Kati ya mwaka 2003 na mwaka 2019, ni mwaka upi joto liliua watu wengi zaidi huko Ufaransa? Huenda ukajibu 2019, kwa sababu ndio uliovunja rekodi. Sivyo. Ni mwaka 2003.

Mwezi wa Agosti 2003, joto la mchana mjini Paris lilipita nyuzi 35 kwa zaidi ya wiki nzima. Siku iliyokuwa kali kuliko zote lilifika nyuzi 39.5. Namba hiyo haikufikia ile ya mwaka 1947. Mtu aliyetazama joto la mchana peke yake angeweza kusema, "Tulikwisha kuona kubwa kuliko hili."

Lakini usiku ulikuwa na habari nyingine. Usiku mmoja joto halikushuka chini ya nyuzi 25.5. Hiyo ilikuwa rekodi ya usiku. Mwili uliochoka kwa joto la mchana hutafuta nafuu usiku. Usiku nao ukiwa wa moto, moyo hufanya kazi ngumu bila kupumzika. Kijana huweza kuvumilia. Mzee au mgonjwa huvumilia siku moja, huvumilia ya pili, halafu nguvu humwisha.

Mji wenyewe huongeza joto. Kuta za mawe na barabara za lami hunywa joto mchana kutwa, na usiku hulitoa. Tena nyumba nyingi za Paris ni ndefu, na zimeezekwa kwa bati la zinki. Juu kabisa, chini ya bati, kuna vyumba vidogo vya kupanga. Kama umewahi kulala nyumba ya bati isiyo na dari wakati wa joto, hapo huhitaji maelezo.

Watu wapata 15,000 walikufa Ufaransa nzima kwa ajili ya joto lile. Wengi walikuwa wazee wenye miaka 75 na zaidi. Wengine waliishi peke yao. Agosti ni mwezi wa likizo huko, na watu wengi walikuwa wamesafiri. Mzee alizidiwa chumbani, na hakuna aliyebisha hodi. Tarehe 3 Septemba 2003, maiti 57 zilizokosa ndugu wa kuzichukua zilizikwa katika makaburi ya Thiais, karibu na Paris. Rais wa nchi wa wakati huo, Jacques Chirac, alihudhuria maziko hayo.

Namba zilikuwapo. Kituo kiliandika kila siku, mchana na usiku. Lililokosekana ni mpango wa kusema: namba zikifika hapa, tufanye hivi.

Namba zawa onyo

Mwaka 2004 Wafaransa walianza mpango huo. Kila sehemu ya nchi iliwekewa kipimo chake cha hatari. Kwa Paris, kipimo ni wastani wa siku tatu: nyuzi 31 mchana na nyuzi 21 usiku. Angalia, usiku nao umehesabiwa.

Wastani hupatikana hivi. Tuseme joto la mchana kwa siku tatu ni nyuzi 30, 31 na 32. Jumlisha: 93. Gawanya kwa 3. Wastani ni nyuzi 31.

Hatari ikikaribia, wananchi hutangaziwa kwa rangi. Kijani ni salama. Njano ni kujihadhari. Rangi ya machungwa ni hatari. Nyekundu ni hatari kubwa kabisa.

Tena likawapo daftari la pili. Mzee anayeishi peke yake huweza kuandikisha jina lake kwenye ofisi ya mji. Onyo likitoka, wafanyakazi humpigia simu. Humwuliza kama amekunywa maji na kama ana mtu wa kumtazama.

Julai 2019, siku rekodi ilipovunjwa, Paris ilikuwa chini ya onyo jekundu. Katika majira yale ya joto, watu karibu 1,500 walikufa Ufaransa nzima kwa ajili ya joto. Hao bado ni wengi. Lakini walinganishe na wale 15,000. Ni kweli kwamba joto la 2019 halikudumu siku nyingi kama lile la 2003. Hata hivyo, safari hii watu walikuwa wameonywa, na wazee walikuwa wakitafutwa.

Rekodi za joto zitazidi kuvunjwa. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa na viwanda, magari na mitambo ya umeme huacha hewani gesi inayozuia joto lisitoke duniani. Dunia sasa ina joto zaidi kwa nyuzi 1 na kitu kuliko wakati kituo cha Montsouris kilipoanza kazi.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika namba. Daftari la Paris lilianza na mtu mmoja aliyetazama kipimajoto, akaandika, na kesho yake akaandika tena. Namba zake zilikuja kuwa na faida kubwa siku zilipomfanya mtu aende kubisha hodi kwa mzee.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini kipimajoto cha hewa hakiwekwi juani?
2. Kwa nini joto la usiku lilikuwa hatari sana mwaka 2003?
3. Joto la mchana kwa siku tatu ni nyuzi 33, 32 na 34. La usiku ni nyuzi 22, 21 na 23. Tafuta wastani wa mchana na wa usiku. Je, kwa Paris hiyo ni hatari?
4. Katika kijiji chenu ni wazee gani wanaoishi peke yao? Nani huwatazama wakati wa joto kali?