Fundi Kibarua: Neno Moja la Michezo na Maisha ya Ryan Fitzpatrick

Katika lugha ya michezo ya Marekani limo neno ambalo mfasiri wa Kiswahili hulikosea kwa urahisi. Neno hilo ni journeyman, nalo humtaja mchezaji wa kulipwa ambaye huhama kutoka timu hadi timu. Mwenye haraka atalifasiri kuwa "msafiri", kwa kuwa sehemu yake ya kwanza leo humaanisha safari. Lakini asili yake ni journée ya Kifaransa, yaani siku, au kazi ya siku moja. Hapo kale lilimtaja fundi aliyekwisha kuhitimu, lakini asiye na karakana yake mwenyewe. Kiswahili kinalo neno la jirani, kibarua, litokanalo na barua: kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Je, lipi lafaa? Maisha ya Ryan Fitzpatrick yatasaidia kuamua.

Fitzpatrick alikuwa kwotabeki. Katika futiboli ya Kimarekani, huyo ndiye apokeaye mpira shambulio linapoanza, kisha akaamua ampe nani au amrushie nani. Kwa kawaida anayecheza ni mmoja tu. Wenzake hungoja pembeni. Fitzpatrick alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka wa 2005 St. Louis Rams walimchagua akiwa wa 250 kati ya wachezaji 255. Katika mchezo wake wa kwanza aliingia badala ya mwenzake aliyeumia, timu ikiwa nyuma sana, nayo ikashinda kwa 33 dhidi ya 27.

Kwa misimu 17 alizitumikia timu tisa. Mwaka wa 2011 Buffalo Bills walimpa mkataba wa miaka sita, wenye thamani ya dola milioni 59 hivi; mwaka wa 2013 wakamwacha. Ndivyo ilivyo katika ligi hiyo: mara nyingi sehemu kubwa ya fedha zilizoandikwa haina dhamana, na timu yaweza kumwondoa mchezaji kabla ya muda kwisha. Mwaka wa 2015, akiwa New York Jets, alirusha pasi 31 za kufunga, rekodi ya timu hiyo. Hata hivyo, katika mchezo wa mwisho walishindwa na Buffalo ile ile, wakakosa mechi za mtoano. Mwaka wa 2018, huko Tampa Bay, alikuwa wa kwanza katika historia ya ligi kupita yadi 400 za pasi katika michezo mitatu mfululizo. Katika mchezo wa nne alitolewa wakati wa mapumziko, mwenye nafasi akairudia. Mwaka wa 2020 Miami walimweka kando kwa ajili ya kijana, kisha Desemba wakamwita dakika za mwisho awaokoe, naye akawaokoa. Alistaafu mwaka wa 2022, bila kucheza hata mechi moja ya mtoano.

Basi "msafiri" hapafai: msafiri huchagua siku ya kuondoka. Kibarua lakaribia zaidi, kwani laeleza masharti ya kazi. Lakini peke yake lingeficha ujuzi wa miaka 17. Yafaa kuyaunganisha mawili, fundi kibarua: la kwanza kwa ajili ya ustadi wake, la pili kwa ajili ya kikaratasi chake.