Kungwi, Jaji na Maarifa Huria: Malezi ya Wanawake Viongozi katika Uzalishaji wa Elimu Afrika

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili suala ambalo kwa muda mrefu limeachiwa wakutubi na mafundi wa kompyuta, ingawa kwa asili yake ni suala la lugha na utamaduni pia: namna wanawake wa Kiafrika wanavyolelewa hadi kuwa viongozi katika uwanja wa maarifa huria. Kwa istilahi hiyo tuna maana ya maarifa yaliyotolewa kwa ruhusa inayomwezesha mtu yeyote kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuyasambaza bila malipo. Neno “huria” limezoeleka katika taaluma tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hapa tunalipanua kidogo ili lihusu maandishi yenyewe. Mfano ulio mashuhuri zaidi ni kamusi elezo ya Wikipedia, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003.

Kamusi elezo hiyo haina bawabu. Hata hivyo, uchunguzi wa wahariri wake uliofanywa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanawake walikuwa chini ya asilimia 10. Katika toleo la Kiingereza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, wasifu wa wanawake hadi leo ni takriban moja ya tano tu ya wasifu wote. Kwa hiyo swali si kwa nini wanawake wamezuiwa, maana hakuna aliyewazuia kwa kanuni, bali ni kwa nini mlango usio na kitasa umepitiwa na wachache kiasi hicho.

2.0 Chanzo cha pengo

Sehemu moja ya jibu imo katika kanuni ya ushahidi. Makala ya kamusi elezo hukubaliwa pale tu ambapo mhusika ameandikwa katika vyanzo vilivyochapishwa na visivyomtegemea yeye mwenyewe. Kanuni hii ni ya busara, na wala hatupendekezi ifutwe. Lakini hurithi upofu wa vyanzo. Mwaka 2018 rasimu ya wasifu wa mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa kwa hoja ya upungufu wa vyanzo, na miezi michache baadaye akapewa Tuzo ya Nobel. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa profesa wa nchi tajiri, itakuwaje kwa mwanamke ambaye elimu yake ilitolewa katika ngoma, katika mikutano ya tawi au jikoni?

Tumtazame Siti binti Saad wa Unguja. Sauti yake ilinaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kwa sababu hizo mbili anaweza kuandikwa popote leo. Waimbaji wenzake wa kike waliokosa santuri na mwandishi hawana njia hiyo. Hali kadhalika, wanawake wengi wa TANU wangebaki kivulini mwa Bibi Titi Mohamed kama Susan Geiger asingekusanya masimulizi ya maisha yao na kuyachapisha katika kitabu chake cha mwaka 1997. Hapa ndipo mtafiti wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja. Kila tasnifu inayonukuu manju au mganga wa kike bila kumtaja jina inazidisha pengo ambalo baadaye tutalilaumu.

Yafaa tuongeze jambo la kisarufi. Baadhi ya wanaisimu hujivunia kwamba Kiswahili hakibagui jinsia, kwa kuwa kiambishi “a-” humfaa mume na mke. Ni kweli, lakini usawa wa kiambishi si usawa wa watu. Katika maandishi yenye sentensi kama “alikuwa mwanasayansi”, msomaji aliyezoea kuona wanaume humchora mwanamume akilini, na jina la kigeni lisilomfahamisha lolote humwacha katika dhana hiyo hiyo.

3.0 Malezi kama asasi ya Kiafrika

Katika maandishi ya maendeleo, uhusiano baina ya mwanamke mzoefu na mchanga katika kazi hutafsiriwa kwa maneno kama “ushauri” na “unasihi”. Kwa maoni yetu maneno haya ni mepesi mno. Mshauri husema kisha huondoka. Pwani ya Afrika Mashariki inayo istilahi iliyo nzito zaidi: kungwi, ambaye pia huitwa somo. Huyu humpokea mwari, humfunda kwa maneno, nyimbo na vitendo, humsimamia mbele ya wengine, na hubaki mtu wake hata baada ya ndoa. Ndani ya asasi hii mna mambo matatu ambayo semina ya siku moja haiwezi kuyatoa: muda, udhamini mbele ya jamii, na wajibu wa mwari kuja kuwafunda wengine.

Mfano bora kupita yote, hata hivyo, unatoka Sokoto katika karne ya 19. Nana Asma’u (1793–1864), binti wa Shehu Usman dan Fodio, alitunga mashairi kwa Kiarabu, Kifulfulde na Kihausa. Aliona kwamba elimu ya dini na ya maisha haikuwafikia wanawake wa vijijini, basi akaunda mtandao ulioitwa ’Yan Taru. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, jaji, aliyekwenda Sokoto pamoja na wanawake wenziwe, akahifadhi mashairi kwa moyo, kisha akarudi kuyafundisha nyumbani kwa watu. Nana Asma’u alimpa kila jaji kofia pana ya ukindu, malfa, na kitambaa chekundu cha kuizungushia. Tusiidharau kofia hiyo. Kazi yake ilikuwa kuutangazia umma kwamba aliyeivaa ana mamlaka ya kufundisha. Baada ya kifo cha Nana Asma’u mtandao haukufa. Dada yake Maryam aliuendeleza.

4.0 Mifano ya zama zetu

Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita gazeti lake Sauti ya Siti, na kwa tendo hilo kikamfanya mwimbaji wa zamani kuwa somo wa waandishi wa kike. Mjini Nairobi, mpango wa AWARD ulioanza mwaka 2008 kwa ajili ya wanasayansi wa kilimo ulimpa kila mtafiti mwanamke mlezi aliyemtangulia, na papo hapo ukamtaka naye amlee aliye chini yake. Mpango wa Wiki Loves Women ulianza mwaka 2016 katika Kamerun, Kodivaa, Ghana na Nigeria kwa kuandika wasifu, na baadaye ukaelekea kwenye kuwalea viongozi wenyewe. Haikosi maana kwamba Emna Mizouni wa Tunisia mwaka 2019, na Sandister Tei wa Ghana mwaka 2020, walipewa heshima ya Mwanawikimedia wa Mwaka.

Kinachofanyika katika malezi haya kwa vitendo ni kidogo kuliko jina lake. Makala ya kwanza ya mwandishi mpya hufutwa. Mlezi humwonyesha ni chanzo gani kilikosekana na jinsi ya kujitetea katika ukurasa wa majadiliano bila kutukana wala kukimbia. Baadaye mwandishi huyo hupewa madaraka ya usimamizi. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa mara nyingi: wanawake hufundishwa kuandika, na uwezo wa kufuta hubaki kwa wengine. Hao ni majaji wasio na kofia.

5.0 Uhuria na siri

Lipo pingamizi moja zito. Elimu ya kungwi ni ya siri, na nguvu yake imo humo. Ruhusa huria, kinyume chake, haina marejeo: picha ya unyago ikishatolewa, mfanyabiashara yeyote anaweza kuitumia kihalali. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi na mwimbaji pia. Aliimba jukwaani mbele ya dunia nzima, lakini yeye mwenyewe alikuwa na uwezo wa kuchagua lipi la jukwaani na lipi la ndani. Mpaka huo hauwezi kuwekwa na mhariri wa mbali anayehesabu makala zilizoongezeka, wala na mtafiti mwenye kinasa sauti na haraka ya kumaliza tasnifu. Wanaoweza kuuweka ni wanawake waliofundwa pande zote mbili, wanaojua sheria ya hakimiliki na wanaojua pia ni wimbo gani hauimbwi mbele ya asiyechezwa.