Shule Kuwa Maabara: Jaribio la Chicago, 1896–1904

Mnamo Januari 1896, Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani kilifungua shule ndogo yenye wanafunzi 16 na walimu 2. Mwasisi wake, mwanafalsafa John Dewey, alikuwa amejiunga na chuo hicho mwaka 1894 kuongoza falsafa, saikolojia na ualimu. Kwa mtazamo wake, nadharia ya elimu isiyopimwa darasani ilikuwa sawa na fizikia isiyokuwa na maabara. Ndiyo maana shule hiyo ikaja kuitwa Shule ya Maabara.

Jina hilo lisieleweke vibaya. Kilichopimwa hakikuwa mtoto, bali dhana kuhusu namna mtoto anavyojifunza. Masomo yalijengwa juu ya kazi za maisha: upishi, useremala na ufumaji. Katika mihadhara yake ya mwaka 1899, Dewey alieleza jinsi watoto walivyopewa sufu na pamba ambayo haijachambuliwa. Kundi moja la watoto lilichambua pamba kwa mkono kwa dakika 30, likapata nyuzi zisizofikia aunsi 1. Hapo watoto wakatambua wenyewe kwa nini mavazi ya sufu yalitangulia kuenea, na mashine ya kuchambulia pamba ilileta mageuzi gani. Historia, jiografia na sayansi zikakutana katika kitendo kimoja. Kusoma na kuandika nako kulifuata haja: mtoto aliandika kwa kuwa alikuwa na jambo la kueleza.

Kufikia mwaka 1902, shule ilikuwa na wanafunzi wapatao 140. Hata hivyo, mwaka 1903 iliunganishwa na shule nyingine ya chuo hicho, iliyotokana na kazi ya Francis Parker. Mkewe Dewey, Alice, aliteuliwa kuiongoza, na baadhi ya walimu wakapinga. Rais wa chuo, William Rainey Harper, aliuchukulia uteuzi huo kuwa wa mwaka 1 tu. Dewey na mkewe hawakuuelewa hivyo. Mwaka 1904 wote wawili walijiuzulu, na Dewey akahamia Chuo Kikuu cha Columbia.

Shule ingalipo hadi leo chini ya chuo hicho. Lakini jaribio lenyewe lilikwisha pale mtafiti alipotengana na darasa lake. Maabara ya elimu, basi, haihitaji majengo na fedha pekee. Huhitaji pia maelewano ya kudumu baina ya anayetafiti, anayefundisha na anayetawala.