Moyo ukienda mbio, pima sukari kwanza



Ijumaa moja majuzi, tulipotoka kuswali hapa Kikoneni, kijana mmoja wa mtaani alinivuta kando. "Ami, mamangu ana sukari," akaniambia. "Siku hizi usiku anaamka anatetemeka, jasho linamtoka, anasema anakufa. Nyumbani wengine wanasema ni pepo. Wengine wanasema ni mawazo, tangu baba atutoke. Sasa tumpeleke kwa nani?"

Nikamwuliza swali moja: "Akiwa katika hali hiyo, mumempima sukari?"

Akanyamaza. Mashine wanayo, akasema, lakini imewekwa kabatini, hutolewa asubuhi siku za kwenda kliniki tu. Usiku hakuna aliyewahi kufikiria kuitoa.

Sikumlaumu, maana hapo alipo mimi nilishapita.

Nina ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, mwaka wa saba huu. Nilianza na metformini, baadaye nikaongezewa glibenklamidi. Siku moja nilikuwa natoka Lunga Lunga kwa matatu, tangu asubuhi nimekunywa chai tu na dawa nimemeza. Njiani mikono ikaanza kutetemeka, shati likalowa, macho yakaingia kiza. Utingo alidhani nimelewa. Mama mmoja aliyekaa karibu nami ndiye aliyeelewa, akanipa soda yake. Baada ya kama robo saa nikarudi kuwa mtu.

Siku ile iliisha, lakini hofu yake haikuisha. Nikaanza kuogopa matatu. Msikitini nikawa naswali safu ya nyuma karibu na mlango, ili nikizidiwa nitoke bila kuonekana. Moyo ukidunda kidogo tu, nafungua soda. Usiku mmoja nilipima baada ya soda nikakuta 19. Na lililo baya zaidi, nikaanza kuiacha dawa ya jioni kwa makusudi, nikijiambia heri sukari iwe juu kuliko kuzimia usingizini. Kipimo cha damu kile cha miezi mitatu kilipotoka kibaya, nilimdanganya muuguzi kwamba kulikuwa na harusi mbili na biriani ilikuwa nyingi.

Aliyenitoa hapo ni mhudumu mwingine wa afya, kwenye ziara iliyofuata. Hakuniuliza ninakula nini. Aliniuliza, "Baba, unaogopa nini?" Nikamweleza yote. Aliyonifundisha siku ile ndiyo ninayotaka kuyaandika leo.

Kengele moja, nyumba mbili

Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye mashine zetu, mwili huona hatari. Ubongo unategemea sukari, na sukari imepungua. Basi mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini, ambayo huliamuru ini litoe sukari iliyohifadhiwa. Adrenalini hiyo hiyo ndiyo inayofanya moyo uende mbio, mikono itetemeke, jasho litoke na tumbo likoroge.

Sasa chukua mtu aliyepatwa na shambulio la hofu. Sukari yake haina tatizo, lakini akili imeona hatari, iwe ya kweli au ya kudhania. Mwili unamwaga adrenalini ile ile. Moyo mbio, mikono mitetemo, jasho, kifua kubana, na ile hisia ya kwamba saa ya kufa imefika.

Ni kengele moja inayolia kwa nyumba mbili. Ukiisikia, huwezi kujua kwa masikio ni nyumba gani inaungua.

Zipo dalili zinazoegemea upande mmoja. Sukari ikishuka mara nyingi huja na njaa kali, kuchanganyikiwa, maneno kuteleza mdomoni au hasira isiyo na sababu. Hofu mara nyingi huja na kuhema haraka haraka, na kwa sababu ya kule kuhema, ganzi kwenye vidole na midomo. Kwa kawaida hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha ikaanza kushuka yenyewe, ilhali sukari iliyoshuka haifai kungojwa ipande yenyewe. Lakini dalili hizi huingiliana, na mtu aliyechanganyikiwa si wa kumtegemea ajihukumu mwenyewe. Anayehukumu ni mashine.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Mtu aliyeishi muda mrefu na sukari ya 14 au 15, akianza dawa ikashuka hadi 6 au 7, anaweza kutetemeka na kutokwa na jasho kana kwamba imeshuka kweli. Mwili umeizoea ile ya juu, sasa hata ya kawaida unaiona ni ukame. Mimi nimewahi kujiona nakufa na mashine inasoma 6.2. Hali hii haina hatari na hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ukiikimbilia na soda kila mara, mwili hautajifunza kamwe.

Hofu nayo hupandisha sukari. Adrenalini pamoja na homoni nyingine iitwayo kotisoli huliamuru ini litoe sukari hata kama hukula kitu. Ndiyo maana mtu mwenye mawazo anaweza kushika masharti yote ya chakula na bado mashine ikasoma juu. Mwenziwe anamshuku kwamba anakula kwa siri, kumbe ni roho yake tu haijatulia.

La kufanya kengele ikilia

Kwanza, kaa chini. Kama uko juu ya pikipiki au unaendesha gari, simama.

Pili, pima. Ikiwa ni chini ya 4, chukua gramu 15 za sukari inayoingia damuni haraka. Hizo ni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya soda ya chupa ndogo ya mililita 300, isiwe ile isiyo na sukari. Dafu halitoshi kwa kazi hii, sukari yake ni kidogo. Mahamri nayo yana mafuta, yanachelewa. Ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukushikilia, kama muhogo au mkate, kisha ujiulize ni kwa nini ilishuka: ulikosa mlo, ulilima sana, au dawa ni nyingi?

Tatu, ikiwa mashine inasoma vizuri, iache soda. Keti miguu yote miwili ikigusa sakafu. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo dakika chache. Kwa wengi wetu dhikri ya taratibu hufanya kazi hii hii, kwa kuwa huirefusha pumzi na kuipa akili kitu kimoja cha kushika. Jiambie: hii ni hofu, nimepima, itapita.

Kama mashine huna au stripu zimekwisha, nazo si bei rahisi, na unatumia insulini au dawa kama glibenklamidi, chukulia kwamba sukari imeshuka, kunywa sukari kwanza. Sukari iliyopanda mara moja kwa kukosea haidhuru kama iliyoshuka ikaachwa. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushukiwa na sukari kiasi hicho.

Mtu akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali.

Mambo mawili ya tahadhari. Mwenye sukari yuko katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo, na wakati mwingine moyo wake hulalama bila maumivu makali. Kwa hiyo kifua kikibana, au pumzi ikikata bila sababu, usijipe jina la "hofu" mwenyewe. Nenda ukapimwe moyo haraka. Pili, baadhi ya dawa za presha, kama atenololi na propranololi, huizima ile kengele: sukari inashuka na moyo hauendi mbio. Jasho ndilo hubaki kuwa ishara. Ukiwa unazitumia, mwulize daktari wako.

Na wale ndugu zangu wa barazani: kahawa chungu vikombe vitano, au muguka wa mchana kutwa, huupeleka moyo mbio wenyewe. Muguka pia huua hamu ya kula, na mwenye kumeza dawa ya sukari bila kula anaitafuta sukari iliyoshuka kwa tochi.

Hofu yenyewe ni ugonjwa wa kutibiwa

Kupima hutatua usiku mmoja. Ile hofu ya kila siku, ya kulala, ya safari, ya kliniki, inahitaji tiba yake. Si sisi wa Kwale tu tulionayo. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake huko Marekani walichapisha orodha ya maswali 20 ya kupima uzito wa moyo unaowapata wenye sukari: kuchoshwa na masharti, kujilaumu kwa kila tonge, kuogopa sukari kushuka, kujihisi uko peke yako. Nilipoyasoma niliona kama wameniandikia mimi.

Tiba ipo. Kuna mazungumzo na mshauri aliyesomea, ambaye anakufundisha kukikabili kidogo kidogo kile unachokikimbia. Mimi nilianza kwa kupanda matatu hadi kituo kimoja tu, na mashine mfukoni. Safu za mbele msikitini zilinichukua miezi. Kuna pia dawa za hofu, ila baadhi yake huigusa sukari, kwa hiyo mweleze daktari kila unachomeza. Mlango wa kuanzia ni ule ule wa kliniki ya sukari, iwe ni kituo cha afya cha karibu au hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni. Usiposema, hakuna atakayejua. Mimi nilisema biriani, nikatibiwa biriani.

Na pepo je? Mimi ni Muislamu, siwezi kukana kuwepo kwa majini. Ruqya na dua ni haki ya mgonjwa. Lakini kumsomea mtu hakukatazi kumtoboa kidole, na kupima kunachukua chini ya dakika moja. Pima, kisha msomee ukipenda. Ukianza na ubani na sukari iko 2, unaweza kumaliza kisomo na mgonjwa hayuko nawe. Wala hofu si dalili ya imani haba. Wacha Mungu pia hupata presha, na hatuwaambii imani yao imepanda.

Ramadhani nayo huja na hofu yake. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unamtaka mfungaji afungue sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, hata kama magharibi imekaribia. Mgonjwa ana ruhusa kwa Mola wake, na wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, saa za dawa zipangwe upya.

Yule kijana

Jumanne ile iliyofuata, saa tisa za usiku, simu yangu ililia. Alikuwa yeye. "Ami, nimempima. Inasoma 2.8." Nikamwambia vijiko vinne vya sukari kwenye maji, maadamu anameza vizuri, na asiondoke kando yake. Baada ya robo saa ikawa 4.6. Akampa mkate, asubuhi akampeleka hospitali. Kumbe tangu msiba ule mama alikuwa hali chakula cha usiku, na vidonge anameza kama kawaida. Dawa ikapunguzwa.

Sasa sukari haishuki tena usiku. Lakini mama bado anaogopa kulala. Anataka taa iwake na mwanawe alale karibu na mlango. Kwa hiyo walioshuku mawazo nao hawakukosea, ni kwamba yalikuwa mambo mawili na kila moja lina dawa yake. Wiki ijayo anakwenda kuonana na mshauri, na kijana ameahidi kumsindikiza.

Mashine imetoka kabatini. Iko juu ya meza kando ya kitanda, pamoja na kikombe cha maji na kopo la sukari. Ukitoka kusoma hapa, angalia ya kwenu iko wapi.

Wassalaam.